Chenga ya Mchele na Kalenda ya Desemba

Haya ni maneno niliyowaambia vijana wanaojiandaa kufunga ndoa, kwenye semina ya siku moja katika ukumbi wa kata, Morogoro. Mratibu ameniomba niyaandike kwa ajili ya wale waliokuwa nje wakisubiri chai. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka, utani na yote.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Vijana, yenu nimeshaipokea pale mlangoni.

Wakati mnaingia kila mmoja amepewa chenga moja ya mchele. Punje nzima hapana, chenga. Iwekeni kiganjani muiangalie. Naona kuna bwana pale ameshaitafuna ya kwake. Apewe nyingine, na mchumba wake amlinde.

Chenga hiyo ina urefu wa milimita 4 au 5, na ndiyo mada yangu ya leo. Binadamu akifikisha wiki 4 tangu mimba kutungwa anakuwa na urefu huo. Ana moyo unaopiga. Mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo umeshafungwa toka juu mpaka chini, au umekataa kufungwa. Na mama yake, mara nyingi, hajajua kama kuna mtu.

Mimi ni mkunga mstaafu. Nimekaa kliniki ya wajawazito na wodi ya wazazi miaka 31. Nimeandika kadi za hudhurio la kwanza mpaka mkono ukauma: mimba ya wiki 20, wiki 22, wiki 18. Akija wa wiki 11 nilikuwa nasimama kumpa mkono. Kisha naanza somo langu: vidonge vya kuongeza damu, chandarua, mboga za majani. Mama anaitikia vizuri, ananishukuru, anaondoka. Kumbe tulikuwa tunajadili msingi wa nyumba iliyokwisha kuezekwa. Wao walichelewa kuja, na sisi tulichelewa kuwafuata. Ndiyo maana nilipoambiwa kuna semina ya wachumba nilisema nitakuja hata kwa bodaboda.

Sasa tuchukue kalenda. Wengi wenu harusi ni Desemba, ndugu wakiwa likizo. Bibi harusi wetu hana jina, msianze kuangaliana. Ameona siku zake tarehe 1 Desemba, na mzunguko wake ni wa siku 28 usioyumba. Amefunga ndoa Jumamosi, tarehe 13. Yai lake limetoka tarehe 15.

Yai likishatoka lina kama siku moja tu ya kuishi. Mbegu za mwanamume zinaweza kungoja ndani ya mwili wa mwanamke hata siku 5, kwa hiyo anayesubiri ni mwanamume, jambo ambalo nje ya mwili silioni sana. Wanakutana kwenye mrija wa uzazi, mbali kabisa na mji wa mimba. Yai ni seli kubwa kuliko zote mwilini mwa mama, na bado upana wake ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Mama anatoa kromosomu 23, baba 23. Bwana harusi naye asidhani yake ni ya usiku mmoja: mbegu huchukua zaidi ya miezi 2 kutengenezwa na kukomaa. Hiyo ya tarehe 15 Desemba ilianza kupikwa Oktoba, wakati uko kwenye vikao vya michango na bia.

Tarehe 16 jioni seli ni mbili. Kisha nne, kisha nane. Tarehe 18 ni kitonge cha seli 16 hivi, na wataalamu wa zamani walikiita kwa Kilatini jina la tunda la forosadi, kwa sababu kinafanana nalo. Lakini hakijakua hata kidogo. Fikirini keki ya harusi: ukiikata vipande 16 unga hauongezeki. Kila seli mpya ni ndogo kuliko iliyoizaa, na zote zimebanana ndani ya ganda lilelile la yai.

Hapa nina la kujivunia kidogo. Mtoto wa kwanza duniani kutungwa nje ya mwili wa mama, Louise Brown, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Alirudishwa tumboni mwa mama yake akiwa wa seli nane. Mnawasikia wawili, mwanasayansi Edwards na daktari Steptoe. Lakini aliyekuwa kwenye hadubini na kuziona seli zile zikigawanyika kabla ya mwingine yeyote alikuwa muuguzi, Jean Purdy. Kwa miaka mingi jina lake liliachwa kwenye kibao cha ukumbusho, ingawa Edwards mwenyewe alidai liwemo. Manesi mlioko humu mnaijua hadithi hiyo.

Tuendelee. Tarehe 20 kitonge kimekuwa mpira wenye maji ndani, na kwa mara ya kwanza seli zimegawana kazi. Za nje zitakuwa kondo la nyuma. Fungu dogo la ndani, lililokaa upande mmoja, ndilo mtoto. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba nyingi zaidi zimepangiwa kujenga kondo. Mgeni anaandaa kwanza mahali pa kula. Tarehe 21 hivi anavua ganda na kuanza kujichimbia kwenye ukuta wa mji wa mimba, na ikifika siku moja mbili baada ya Krismasi amezama mzimamzima. Safari nyingi zinaishia hapo bila mwenyewe kujua. Na akijichimbia kwenye mrija badala ya mji wa mimba, hiyo ni mimba nje ya kizazi: siku zimechelewa na maumivu makali yamekaa upande mmoja chini ya tumbo. Usingoje asubuhi.

Mimba zinazotoka miezi ya mwanzo, mama mkwe anauliza nani alibeba ndoo ya maji, nani aligombana na nani. Karibu nusu ya hizo chanzo chake ni kromosomu kuzidi au kupungua tangu yai na mbegu zilipokutana. Ndoo haihusiki.

Tarehe 29 Desemba siku hazikuja. Bibi harusi anasema ni uchovu wa shughuli, na safari ya kwenda kusalimia ukweni. Ni kweli kachoka. Kipimo cha mkojo siku hiyo kingeweza kumwambia, lakini nani anapima siku ya kwanza?

Sasa, usiku wa kuamkia mwaka mpya, mkiwa mnapiga makelele na masufuria, mtoto ni kisahani bapa cha tabaka mbili. Katikati ya kisahani unatokea mstari, na seli zinaanza kushuka kupitia hapo na kutandaa katikati. Zikimaliza, tabaka ni tatu. Ya juu ni ngozi, nywele, ubongo na neva zote. Ya kati ni moyo, damu, mifupa, misuli, figo. Ya chini ni utumbo, ini, kongosho na utando wa ndani wa mapafu. Kabla ya hapo seli nyingi zingeweza kuwa chochote. Baada ya hapo kila moja ina ukoo. Ndugu zetu Waislamu humu ndani wamekua wakisikia msikitini habari za tone, pande la damu na pande la nyama, kwa hiyo nikisema binadamu anapita hatua kwa hatua siwaletei neno geni. Ninachoongeza mimi ni tarehe.

Naomba wachumba wawili waje mbele. Ninyi hapo, mliovaa sare. Shikeni kitenge changu, mkitandaze mezani. Tarehe 2 au 3 Januari, katikati ya tabaka la juu, unene unaongezeka kama ukanda, toka kichwani kuelekea chini. Huo ukanda ndio ubongo na uti wa mgongo, ila umelala wazi, kama kitenge hiki. Sasa nyanyueni pindo, mmoja huku, mwingine kule. Polepole. Katikati pamekuwa mfereji. Haya, kutanisheni pindo hizo, lakini msianzie mwisho. Anzieni hapa, karibu na shingo. Tarehe 6 Januari ndipo zinapogusana, na moyo nao unaanza kupiga siku zilezile. Kutoka shingoni pindo zinaendelea kufungana kwenda juu na kwenda chini kwa wakati mmoja, kama zipu ya begi la safari yenye vishikizo viwili. Zipu ya juu inafika mwisho kama tarehe 9. Ya chini inafika tarehe 11 au 12.

Tarehe 12 Januari ni sikukuu ya Mapinduzi. Watu wako nyumbani. Bibi harusi wetu amechelewa wiki 2 tu, labda leo ndiyo ameanza kuhesabu vidole. Na zipu imeshafika. Mkono wangu wa Aprili, pale kliniki atakapokuja na wiki zake 20, haufiki huko.

Zipu ya juu ikikwama, ubongo na fuvu havijengeki, na mtoto wa namna hiyo haishi. Ya chini ikikwama ni mgongo wazi: uti wa mgongo unachomoza au unabaki wazi kiunoni, miguu inakosa nguvu, haja zinakosa breki. Wengi wao maji yanajaa kichwani pia, ndiyo wale mnaowaita watoto wa vichwa vikubwa. Wanatibika kwa upasuaji, na mapema ni bora. Hapa kwetu wanapelekwa taasisi ya mifupa Muhimbili, na jirani zetu wa Uganda wana hospitali ya CURE pale Mbale, ambako Dakta Benjamin Warf aliendeleza njia ya kutibu maji ya kichwani kwa wengi bila kuwawekea mpira wa kudumu wa kuyatoa. Mgongo ukishonwa unafunikwa. Neva zilizoharibika hazirudi.

Mketi. Asanteni. Kitenge nipeni, ukumbi una baridi.

Mwaka 1996, hospitali sitaitaja, nilimpokea mama wa miaka 22, uzazi wa kwanza. Mtoto akatoka, akalia vizuri. Sisi wakunga tuna tabia moja: mtoto akishafutwa tunamlaza kifudifudi mkononi na kupitisha kidole mgongoni, toka kisogoni mpaka makalioni, pingili kwa pingili. Kidole changu kilipofika kiunoni kilizama kwenye kitu laini na chenye maji. Mtoto yule aliishi wiki 5. Nyumbani walisema mengi. Wifi alisema ni chura aliyeuawa. Mama mkwe alitaja jina la jirani. Mimi nilimwambia apumzike mwaka mmoja, ale vizuri, amtumaini Mungu. Akala vizuri. Akamtumaini Mungu. Mwaka 1999 akarudi, wodi ileile, na kidole changu kikazama tena mahali palepale.

Miezi michache baadaye nilipelekwa kozi fupi, na mwalimu akaandika ubaoni 1991. Mwaka huo ulitoka utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, uliofanyika kwenye vituo 33 katika nchi 7, kwa wanawake waliowahi kupata mtoto kama wa mama yangu yule. Waliomeza asidi ya foliki kabla ya kushika mimba na wiki za mwanzo, matukio yalipungua kwa asilimia 72. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, maana jibu lilikuwa limeshajulikana na ingekuwa dhambi kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka 1991, wanangu! Kidonge chenyewe kilikuwa kwenye kabati la dawa, hatua tatu kutoka kitanda chake, na tulikuwa tunakitoa kwa wajawazito wa miezi mitano kwa ajili ya damu. Nilikaa kwenye kile kiti cha kozi nikashindwa kuandika.

Asidi ya foliki ni vitamini. Jina limetokana na neno la Kilatini la jani, kwa sababu mwaka 1941 ilichujwa kutoka kwenye majani ya spinachi. Tungeiita vitamini ya mchicha tusingekosea sana. Seli haiwezi kunakili kromosomu zake na kugawanyika bila vitamini hii, na mmeona hizo siku 28 ni kugawanyika mtindo mmoja. Iko kwenye mchicha, kisamvu, kunde, maharage, maini. Lakini hatuli mboga, tunazichemsha mpaka zinaomba msamaha, halafu maji tunamwaga. Kiasi kikubwa kinaondoka na yale maji. Hata mla mboga mzuri ni vigumu kufikia kiasi kinachotakiwa kwa kazi hii, ndiyo maana kuna kidonge: mikrogramu 400 kila siku, kuanzia kabla ya mimba mpaka wiki 12. Kwa aliyewahi kupata mtoto wa mgongo wazi dozi ni kubwa mara kumi na zaidi, hiyo apangiwe na daktari.

Nchi nyingine zimeitia vitamini hii kwenye unga. Marekani ililazimisha tangu 1998. Sisi tuliweka kanuni mwaka 2011 za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na wa mahindi, Kenya wakafuata 2012. Ni jambo jema, ila linamfikia anayenunua unga wa mfuko kutoka kiwanda kikubwa. Wewe unayepeleka debe lako la mahindi kwenye mashine ya mtaani, ukarudi na dona, dona lako lina sifa zake lakini hiyo haimo. Na mahindi yenyewe yakaushwe sawasawa. Mwaka 1990 na 1991, mpakani mwa Texas na Meksiko, walizaliwa watoto wengi kupita kawaida ambao zipu ya juu ilikwama, na sumukuvu ya kwenye mahindi ni mojawapo ya vinavyoshukiwa. Mahindi ya ukungu msimpe hata kuku.

Wenye kifafa wanaotumia dawa iitwayo valproeti, mumwone daktari kabla ya harusi, maana dawa hiyo inaongeza hatari ya zipu kukwama. Msiiache wenyewe, degedege nalo linaua. Mwenye kisukari naye aje mapema. Walio kwenye ARV wananiuliza sana, kwa sababu mwaka 2018 zilitoka habari Botswana kwamba dolutegravir inaleta mgongo wazi. Takwimu zilipoendelea kukusanywa tofauti ile ikafifia, na leo ndiyo dawa inayopendekezwa hata kwa wajawazito. Kwa hiyo mezeni.

Yaliyobaki nitayapitisha haraka, naona sufuria la chai linaingia. Baada ya Mapinduzi vichipukizi vya mikono na miguu vinajitokeza. Kiganja kinaanza kama kijiko bapa, halafu seli zilizo katikati ya vidole zinakufa kwa mpango, na vidole vinaachana. Kulikuwa na kimkia pia, kinayeyuka, bwana aliyecheka aguse kifandugu chake. Ifikapo tarehe 9 Februari, siku ya 56, mtoto ana sentimita 3, viungo vyote vikubwa vimeshachorwa, na jina linabadilika kutoka kiinitete kuwa kijusi. Kuanzia hapo sehemu kubwa ya kazi ni kukua na kukomaa. Bibi harusi wetu bado hajafika kliniki.

Swali. Ndiyo, kijana. Umeuliza, na kama hatutaki mtoto mwaka wa kwanza? Vizuri sana. Tumieni uzazi wa mpango, na mkiamua kuacha, anza vidonge miezi miwili mitatu kabla. Lakini wangapi humu walipanga tarehe waliyozaliwa wao? Mimi mwenyewe niliingia bila barua. Ndiyo maana nasema binti anayeanza ndoa, au anayejua tu kwamba mimba inaweza kuingia, aanze leo. Bwana harusi anunue. Gharama ni ndogo kuliko vocha unayompigia usiku.

Mama wa kule nyuma ameuliza, na aliyemeza vyote halafu ikatokea? Inatokea. Asilimia 72 siyo 100. Akitokea kwenu msitafute chura wala jirani, mleteni mtoto.

Na wewe binti umeuliza yule mama aliishia wapi. Nilimtafuta. Ilinichukua wiki mbili, alikuwa amehamia Kilosa, na aliponiona mlangoni alidhani nimeleta bili. Nilimweleza nilichojifunza, nikamweleza pia kwamba nilipaswa kumwambia miaka mitatu nyuma. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza vidonge vinamezwa kabla ya kula au baada ya kula. Daktari alimwandikia dozi kubwa, akameza miezi mitatu, ndipo wakaanza kutafuta. Alijifungua mwishoni mwa 2001, saa tisa usiku, umeme umekatika, nesi mdogo kanishikia taa ya chemli. Nilimfuta mtoto, nikamlaza kifudifudi kwenye mkono wa kushoto. Mama alikuwa ameinua kichwa kwenye mto ananiangalia kidole. Nilianzia kisogoni. Nilipofika mwisho nikarudi nikaanza tena, kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka, halafu nikamsogezea taa ili apitishe cha kwake.